Mpira wa Ijumaa pekee hautoshi

SWALI: "Asalaam aleikum. Nina duka la vyakula Langoni, Lamu, na umri wangu ni miaka 46. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa tatu usiku, na muda mwingi nimekaa nyuma ya meza. Mwezi uliopita nilipimwa: sukari ya miezi mitatu asilimia 6.1, presha 144 kwa 92, uzito kilo 88. Daktari akasema nisianze dawa bado, nifanye michezo, kisha nirudi baada ya miezi mitatu. Nikarudi uwanjani Ijumaa jioni na wenzangu wa zamani. Dakika ya kumi tu nikahisi kama nimepigwa jiwe kwenye kigimbi cha mguu wa kulia. Kugeuka, hakuna mtu. Ni wiki tatu sasa. Natembea vizuri lakini nikipanda ngazi bado panauma. Michezo ina faida gani hasa kwa mtu wa umri wangu hata nilazimike kurudi? Na nikirudi nianzie wapi hapa kwetu, penye joto na vichochoro, na jimu hakuna?"

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa mguu. Nitaanza na faida, maana ukishajua inavyofanya kazi mwilini, ratiba utaipanga mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

Msuli uliotulia hupokea sukari kutoka kwenye damu kwa amri ya insulini. Mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda, insulini anayo, pengine hata nyingi kuliko mwenzake, ila msuli wake umekuwa mzito wa kusikia. Amri inatolewa, mlango unafunguliwa polepole, na sukari inabaki kuzunguka kwenye damu. Lakini msuli unapofanya kazi hufungua mlango mwingine wa sukari ambao haungoji insulini kabisa. Ndiyo sababu mtu akila wali kisha akatembea robo saa, sukari yake haipandi kama angekaa. Na zoezi likiisha, msuli hubaki msikivu kwa insulini kwa muda wa saa 24 hivi, wakati mwingine hadi 48. Baada ya hapo unarudi kuwa mzito kama zamani.

Hizo saa 48 zishike sana, kwa sababu mengi nitakayokwambia yanatoka humo. Mpira wa Ijumaa jioni, hata uucheze kwa nguvu zako zote, kwa upande wa sukari kazi yake imekwisha Jumapili jioni. Kuanzia hapo hadi Ijumaa nyingine, mwili wako ni wa mtu aliyekaa dukani. Kwa hiyo usiruhusu siku mbili zipite mfululizo bila msuli kufanya kazi. Kidogo cha kila siku kinakufaa kuliko kingi cha mara moja.

Sasa namba zako. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kile cha HbA1c, kikiwa kati ya asilimia 5.7 na 6.4 mtu hajaingia kwenye kisukari lakini yuko mlangoni, 6.5 ndiyo kisukari chenyewe. Wewe uko 6.1, mahali ambapo mazoezi yana nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 wa hali kama yako. Kundi moja lilifanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea, na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito. Kundi jingine lilimeza metformin, dawa ya sukari. Ukilinganisha na wale ambao hawakufanya lolote kati ya hayo, waliomeza dawa walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 31, na wale wa mazoezi na chakula kwa asilimia 58. Kwa kilo zako 88, asilimia 7 ni kilo sita na kitu.

Presha nayo husikia. Mishipa hutanuka wakati wa zoezi na hubaki imelegea kwa saa kadhaa baadaye. Ukirudia kwa wiki nyingi, namba ya juu hushuka kwa wastani wa pointi 5 hadi 8 kwa mtu mwenye presha. Kutoka 144 hiyo inakuleta chini ya 140. Kwa mtu ambaye bado hajaanza dawa, pointi hizo ni nyingi.

Na kukaa kwenyewe ni tatizo la peke yake. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alichapisha uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alishinda amekaa. Kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi za basi hilohilo. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo mara chache kuliko madereva, na waliopatwa walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi. Basi moja, jiji moja, tofauti ni ngazi. Hapo Langoni tofauti hiyo unaiona kila asubuhi: hamali anayevuta mkokoteni kutoka gatini na mwenye duka anayepokea mzigo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta uwanja, panga duka upya. Bidhaa inayoulizwa sana, kama unga, sukari na chumvi, iweke mbali na kiti na chini ya usawa wa goti, uinuke na kuchuchumaa kila unapouza. Kiti chenyewe kiwe mbali na mizani. Isipite nusu saa hujasimama dakika mbili tatu, hata kama mteja hajaja.

Tuje kwenye mguu, maana hapa ndipo watu wa umri wako wanapoiachia michezo kabisa.

Hiyo hali ya kupigwa jiwe na kugeuka usione mtu ni dalili mashuhuri ya msuli wa kigimbi kuchanika. Msuli wa juu wa kigimbi umepita juu ya goti na juu ya kifundo pia, kwa hiyo unapotimka ghafla goti likiwa limenyooka, unavutwa kutoka pande zote mbili kwa mpigo. Sehemu ya ndani ndiyo hukatika nyuzi. Huwapata sana watu wa miaka 35 hadi 55 waliorudi uwanjani, na sababu yake si uzee. Pumzi hurudi baada ya wiki chache tu. Msuli huhitaji wiki sita hadi nane. Ukano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, huhitaji miezi. Wewe ulikwenda uwanjani na akili ya mchezaji wa miaka 25, na ukano ambao kwa miaka kadhaa haukuombwa zaidi ya kukutoa nyumbani hadi dukani.

Kabla ya mazoezi ya mguu, fanya uchunguzi huu leo. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda kuanzia kifundoni, na mama watoto akiminye kigimbi kwa kiganja chake. Unyayo unatakiwa usogee, vidole vielekee upande wa nyayo, kama mtu anayekanyaga pedali. Afanye kwa mguu mzima kwanza ili mwone unavyosogea, kisha wa kulia. Ukiminywa na unyayo usisogee, basi kilichokatika ni ukano wa kisigino, na safari yako ni hospitali, hakuna zoezi. Watu hudanganyika hapa kwa sababu mwenye ukano uliokatika bado anaweza kutembea. Jambo la pili: mguu wote ukiwa umevimba, una joto, na unauma hata ukiwa umelala, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, na usikubali kuchuliwa hata kidogo.

Nimetaja kuchuliwa, nisilipite. Kwa kawaida msuli ukichanika mtu hukimbilia kwa mchuaji na mafuta ya simsim. Siku za kwanza kuchua kwa kubonyeza huongeza damu kuvuja ndani na jeraha hukawia. Wiki ya tatu kupaka na kupapasa juujuu hakudhuru. Kukandamiza kwa kidole gumba kutafuta "fundo" bado ni mapema.

Ikiwa unyayo unasogea na mguu haujavimba, dawa yako ni kuinua visigino, na kipandio cha chini cha ngazi yako kinatosha. Simama kwa mbele ya nyayo zote mbili pembeni mwa kipandio, mkono mmoja ukutani. Inuka kwa hesabu ya mbili, shuka kwa hesabu ya tatu, na mwanzoni visigino vishuke hadi usawa wa kipandio tu, visizidi. Mara 15, pumzika dakika moja, rudia hadi zitimie seti tatu. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Seti moja kati ya tatu ifanye magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa sababu chini ya msuli ule uliochanika kuna mwingine bapa ambao hufanya kazi nyingi goti likikunjwa, na huo ndio unaokubeba ukikimbia.

Maumivu yapime kwa kumi. Mawili au matatu yanavumilika, madhali asubuhi ya pili mguu haujawa mbaya kuliko jana. Yakizidi hapo, rudi nyuma hatua moja kwa siku nne. Yakiwa sawa kwa wiki nzima, inuka kwa miguu miwili na ushuke kwa wa kulia peke yake. Kisha kuinuka na kushuka kwa mguu mmoja. Lengo ni mara 20 hadi 25 kwa mguu wa kulia, kisigino kikipanda juu sawasawa na cha kushoto. Wengi hufika 12, wakaona hawaumwi, wakarudi uwanjani, na kigimbi kikachanika palepale. Kutoumwa ni jambo moja na kuwa na nguvu ni jambo jingine. Mguu unaotembea vizuri bado unaweza kushindwa kutimka.

Kutembea usikungojeze. Anza usiku wa leo. Wiki mbili za kwanza, dakika 10 baada ya chakula cha mchana na dakika 10 baada ya cha usiku, kila siku, mahali pa tambarare. Wiki ya tatu na ya nne ongeza dakika 20 baada ya sala ya Alfajiri, siku tatu kwa wiki. Kuanzia wiki ya tano ziwe dakika 30 alfajiri kwa siku nne, na zile 10 za usiku usiziache, maana ndizo zinazokutana na sukari ya chakula ikipanda. Hapo utakuwa karibu dakika 190 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afike 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kazi ya nguvu za misuli.

Mwendo wa wastani ni upi? Uwe unaweza kuzungumza sentensi nzima, lakini ukitaka kuimba kaswida pumzi inakatika. Ukipenda hesabu, ni kama hatua 100 kwa dakika: hesabu 25 ndani ya sekunde 15. Hapa Usita wa Mui, ile njia kuu ya katikati ya mji, una shida yake. Kila baraza ina mtu wa kumsalimia, punda wamebeba mawe na mchanga, mikokoteni inapishana, na huwezi kufika hatua 100 bila kumkanyaga mtu. Kwa zile dakika 10 za baada ya chakula haidhuru. Lakini matembezi ya alfajiri yapeleke Usita wa Pwani, njia ya kando ya bahari: kutoka Mkunguni kuelekea kijiji cha Shela ni kama kilomita tatu, dakika 40 kwa mwendo mzuri. Mwanzo utaenda dakika 15 tu na kugeuka.

Maji yaangalie. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, saa zilezile unazotaka kutembea, na kando ya pwani hubaki pembamba au hakuna kabisa. Kwa kuwa kujaa kunasogea karibu dakika 50 kila siku, wiki moja baadaye, siku za maji mafu, asubuhi utaikuta pwani iko wazi. Mvuvi yeyote atakwambia bila kufungua kalenda. Siku za bamvua tembea mjini juu, siku nyingine shuka chini.

Mchanga nao una wakati wake. Kutembea kwenye mchanga mkavu hula nguvu mara mbili na zaidi kuliko ardhi ngumu, na watu hufurahi kwa hilo. Kwako wewe ni hatari kwa sasa, kwa sababu kila hatua kisigino huzama na kigimbi kuvutwa. Acha mchanga mkavu na vilima vya Shela hadi mguu wa kulia uinue kisigino mara 20. Mchanga ulioloa, maji yakiwa yametoka, ni mgumu na mzuri. Ila pwani imeinama upande mmoja, kwa hiyo rudi kwa njia uliyoendea ili mguu uliokuwa upande wa chini upande juu. Na ndala zivue. Mtu akitembea haraka kwa ndala hukaza vidole zisimtoke, na mzigo wote hupanda kigimbini. Vaa kiatu cha kufunga, chenye kisigino kilichoinuka kidogo, kwa wiki sita za kwanza.

Ukipata nafasi ya kuingia majini, ingia. Maji ya kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wako, hivyo kutembea humo dakika 15 hadi 20 ni zoezi la pumzi ambalo kigimbi halikilemei. Ingia upande wa mkondo uliokingwa, karibu na watu, wala si wakati maji yanatoka kwa kasi, maana mkondo wa hapo humchukua hata anayejua kuogelea.

Upande wa nguvu za misuli hukosi kitu kwa kukosa jimu, kwa kuwa mji wenu umejaa baraza. Kuanzia miaka ya 30 mtu asiyefanya kazi ya nguvu hupoteza msuli kidogo kidogo kila muongo, na msuli ndilo ghala la sukari. Ghala likipungua, sukari hukosa pa kuwekwa. Siku mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi mchana ukifunga duka, fanya hivi.

Kaa ukingoni mwa baraza, nyayo upana wa mabega, visigino nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama mbele kutoka kwenye nyonga hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha simama huku ukitoa pumzi. Shuka kwa hesabu ya tatu ukivuta pumzi. Makalio yaguse jiwe tu, usijitupe. Magoti yakiangukia ndani, yasukume nje yaelekee kidole cha pili cha mguu. Mara 10, seti mbili. Ndani ya mwezi zifike 12, seti tatu. Ikiwa rahisi, kumbatia pakiti ya unga ya kilo mbili, halafu ya kilo tano. Kosa linalowaharibia watu wenye presha ni kubana pumzi wakati wa kuinuka: presha hupanda ghafla kwa sekunde hizo. Ukisikia unaguna, mzigo umezidi.

La pili ni kujisukuma, viganja kwenye ukingo wa baraza, mwili umenyooka kama ubao kutoka kichwa hadi kisigino. La tatu, shika dumu la lita 10, inama mkono mwingine ukiwa juu ya baraza, vuta dumu hadi ubavuni. La nne ni kubeba madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, hatua 30 kwenda na 30 kurudi, mabega chini. Seti ni zilezile. Yote haya ni dakika 25. Mgongo unaochoka kwa kukaa dukani utaona tofauti kabla ya kitu kingine chochote.

Joto sasa. Jasho hupoza mwili likikauka juu ya ngozi. Lamu hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hudondoka bila kukauka na moyo hulazimika kwenda mbio zaidi kwa kazi ileile. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, fanya baada ya Alfajiri au jua likishalegea, na ukiwa umeacha mazoezi muda mrefu jua kwamba mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Kunywa nusu lita ya maji saa mbili kabla. Kwa zoezi lisilofika saa moja, maji matupu yanatosha. Dafu moja baada ya mchezo mrefu si neno, lakini soda na vinywaji vya kuongeza nguvu viache. Ukitaka kujua unapoteza kiasi gani, simama kwenye mizani ya magunia kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji. Hayo ni maji, hayakuwa mafuta. Ndiyo maana kukimbia umejifunga nailoni tumboni hakuna faida yoyote, na katika joto lenu kunaweza kumwangusha mtu. Anayechanganyikiwa maneno au kuyumba wakati wa mchezo, mtoeni juani, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mpelekwe hospitali.

Kama unatafuna miraa, usitafune kabla ya mchezo. Hupandisha presha na mapigo ya moyo, na huficha uchovu, kwa hiyo mtu huendelea wakati mwili ulishaomba kusimama.

Mpira utaurudia, inshallah, na nataka uurudie. Dakika 30 za kutembea peke yako huachika siku yoyote ya mvua; jamaa tisa wakikungoja uwanjani, utatoka tu. Kicheko, ubishi wa goli lililokataliwa, kulala usingizi mzito usiku ule, hayo ni sehemu ya faida, na mtu anayeshinda nyuma ya meza siku nzima akipigana na madeni ya wateja anayahitaji kama sukari inavyohitaji msuli. Watafiti wa Denmark wamechunguza wanaume wa umri wa kati wenye presha wakicheza mpira wa uwanja mdogo mara mbili hadi tatu kwa wiki, na ndani ya miezi michache presha zao zikashuka vizuri.

Lakini masharti ni haya. Kwanza mguu wa kulia uinue kisigino mara 20. Kisha wiki mbili za mchakamchaka: dakika 2 kukimbia polepole, 2 kutembea, mara nne, siku tatu kwa wiki. Kisha wiki mbili za kuongeza mbio: mita 30 kwa nusu ya kasi, baadaye kwa robo tatu, mara sita. Yaliyokuangusha ni kutimka ghafla, kwa hiyo kutimka kufanyiwe mazoezi kabla ya kukutana nako mchezoni. Kwa hesabu hiyo uko uwanjani wiki ya 10 hadi 12. Mchezo uwe watano kwa watano, uwanja wa mita 20 kwa 30 hivi, vipindi vitatu vya dakika 10 hadi 12 na mapumziko ya dakika tatu, hakuna kuteleza kwa miguu. Mechi mbili za mwanzo cheza vipindi viwili tu.

Na msipashe misuli kwa kupiga mashuti golini. Dakika 15: kukimbia taratibu dakika nne, kwenda ubavuubavu na kinyumenyume, kupiga hatua ndefu goti likishuka karibu na ardhi mara 10 kila mguu, kuinua visigino mara 15, kisha mbio tatu fupi, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Programu ya FIFA 11+, ambayo imejengwa kwa mazoezi ya namna hii na huchukua dakika 20, imepunguza majeraha kwa takriban theluthi moja kwa timu zinazoifuata mara kwa mara. Kujinyoosha kwa kushikilia dakika nzima kufanyeni baada ya mchezo.

Kuhusu uzito nikwambie ukweli. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa kilo 88 inatumia nguvu takriban 150 za kalori, na chupa ya soda ya mililita 300 inakaribia kurudisha zote. Kilo sita zitatoka jikoni na kwenye chai ya dukani. Mazoezi yatakusaidia zisirudi.

Ramadhani usisimame. Tembea dakika 20 hadi 30 saa moja kabla ya futari, taratibu, ili maji yawe karibu. Kazi ya nguvu na mpira viwe baada ya tarawehe. Mama watoto naye, dakika ni zilezile kwake, na ile safari ya baada ya chakula cha usiku mnaweza kuifanya pamoja.

Kabla ya kufika hatua ya mpira, muombe daktari akupime umeme wa moyo, kwa kuwa una miaka 46, presha na sukari vyote pamoja. Siku yoyote kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, ukizimia au pumzi ikikatika isivyo kawaida, simama na uende hospitali papo hapo, iwe mchana au usiku. Presha ukiwa umetulia ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna zoezi, nenda ukaonwe. Ipime mara mbili kwa wiki asubuhi, umekaa dakika tano, nusu saa bila kahawa, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo.

Vyote viandike kwenye daftari lilelile la madeni, ukurasa wa nyuma: dakika za kutembea, idadi ya visigino kwa mguu wa kulia na wa kushoto, presha, na uzito mara moja kwa wiki. Daktari akikuita baada ya miezi mitatu, mpe huo ukurasa ausome pamoja na kipimo kipya. Zoezi la kisigino anza kesho asubuhi, kipandio cha chini, mkono mmoja ukutani, miguu yote miwili.